Debe la Bibi Katika Ukungu wa Mufindi

Jirani yangu hapa Kahama ni fundi bati. Asubuhi hii alianza kugonga debe kabla sijamaliza chai, kikombe bado kiko mkononi.

"Shikamoo mzee. Kelele zinakukera?"

"Marahaba. Gonga kazi yako."

Ndugu msomaji, ukiwa mtu wa joto hili na vumbi la malori, hutaniamini nikikwambia nimezaliwa mahali ambapo watu huamka wakakuta sakitu, umande ulioganda, nyeupe juu ya majani. Mufindi. Upande wa mashariki ardhi inakatika, inaporomoka hadi bonde la Kilombero, na ukungu hupandia huko huko. Babu alikuwa miongoni mwa waliofyeka msitu. Wazungu wakapanda chai, wakajijengea nyumba za mawe zenye meko ndani, wageni wao wakawa wanakuja kupumzika na kuvua samaki kwenye vijito. Sisi baridi ile hatukuiita mapumziko.

Bibi ndiye aliyenilea. Alichuma chai, kikapu mgongoni, ufito mrefu ameulaza juu ya michai ili machipukizi yote yachumwe kwa kimo kimoja. Kwa hiyo shamba lote lilikuwa sawa kama meza, na ukungu ukishuka huwezi kujua mstari huu na ule. Mtoto aliweza kupotea hapo hapo karibu na mlango. Dawa ilikuwa debe: mkubwa anagonga nyumbani, mtoto anafuata sauti. Kila nyumba ilikuwa na mdundo wake. Wa bibi ulikuwa miwili ya haraka, mmoja wa kungoja.

"Usilie, usikimbie," aliniambia. "Simama, sikiliza, uje."

Nilikuja kila mara, nimelowa mpaka kiunoni, nikakuta viazi majivuni na chai ya rangi, nyeusi tii.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilipopata nguvu nikasikia habari za dhahabu ya Geita, nikaondoka alfajiri bila kuaga, maana ningeaga ningebaki. Nimeshakaa juu ya magunia ya lori, debe likaanza. Bibi alidhani nimepotelea shambani. Miwili ya haraka, mmoja wa kungoja.

"Anaitwa nani huyo?" utingo akauliza.

Nikasema sijui.

Kuchimba sijutii. Nyumba zangu hizi za hapa Kahama nimejenga kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Lakini niliporudi Mufindi, bibi alikuwa amekufa zamani, na pale palipokuwa na nyumba yake ilikuwa michai tu, imekatwa sawa na mingine. Mzee mmoja aliniambia siku ile bibi aligonga hadi jua likatoka, na kesho yake akagonga tena.

Hapa wananisalimia "mwangaluka," naitikia "mhola" kama Msukuma. Wa kuniamkia kwa Kihehe, lugha ya kwetu Mufindi, sina tangu mke wangu afariki. Ukungu pia hakuna. Mtu unamwona akitokea mbali, na hakuna anayekuja kwangu.

Fundi ameacha kugonga.

"Gonga tena," nikamwambia.

"Debe limeshanyooka, mzee."

"Wewe gonga tu."

Akacheka, akagonga. Anagonga vizuri, ila ule mdundo wa kungoja haujui.