Nilivyojifunza Kushona Koti

Nilianza kushona kwa uzi wa gunia. Nyumbani kwetu Isongole magunia ya viazi hayakukosekana, nami nilichomoa nyuzi zake moja moja, nikazilainisha kwa mate, nikaziba matundu ya sweta za wadogo zangu. Sindano ilikuwa moja nyumba nzima. Mama aliichomeka kwenye kanga yake karibu na bega, na siku aliponiruhusu kuichomoa mwenyewe nilijiona mtu mzima. Nilikuwa na miaka saba au minane.

Baba hakupenda. "Cherehani ni kazi ya wanaume," alisema. "Nenda mjini ukaangalie barazani kwa mafundi kama utamwona mwanamke."

Nilikwenda Tukuyu kuangalia, na kweli sikumwona. Lakini pia sikuona kiungo chochote walichokuwa wakishonea wale wanaume ambacho mimi sikuwa nacho.

Nilipomaliza darasa la saba nikaomba kazi kwenye baraza la fundi mmoja wa Bulyaga, mzee mpole kwa wateja na mchoyo wa mkasi wake. Alinipa pasi ya mkaa, vifungo na mapindo. Baadaye akaniachia sketi za shule. Koti hakutaka hata nilione likikatwa. Alipolitandika mezani alinigeuzia mgongo, mpana kama mlango. Nikamwuliza kwa nini.

"Koti lina mambo mengi," alisema. "Wewe utaolewa, utasahau yote."

Niliolewa. Sikusahau.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, na nyuma yake mitumba. Watu waliokuwa wamevaa viraka miaka mingi walifurahi, na siwalaumu. Siku za gulio turubai zilitandazwa juu ya matope, na mkulima wa chai aliondoka na koti la Ulaya mchana ule ule. Mafundi wakabaki kupunguza suruali. Fundi wangu alivumilia misimu miwili ya mvua, akaamua kurudi kwenye migomba yake. Nikamwomba aniuzie cherehani.

"Unanunua chuma chakavu, binti yangu. Kazi hii imekufa."

"Kama imekufa, baba, niache mimi niiomboleze."

Mume wangu alibeba meza ya cherehani, mimi nikajitwisha kichwa cha mashine, tukaenda hivyo hadi kwetu Makandana huku mvua ikitunyeshea. Jirani aliuliza kama tumefilisika au tumetajirika. Nilimwambia asubiri aone.

Gulio lililofuata nilinunua koti la mtumba lililochanika mgongoni. Nikalifumua juu ya kitanda, mshono kwa mshono. Ndani yake nilikuta yote niliyogeuziwa mgongo: kitambaa kigumu cha kifuani, pedi ndogo ya begani, bitana iliyoachiwa nafasi ili mtu akinyoosha mkono isichanike. Kila kipande nikakilaza kwenye gazeti na kukichora. Hiyo mitumba iliyokuja kutuua ndiyo iliyonifundisha.

Koti langu la kwanza lilikuwa aibu. Mkono wa kushoto niliuweka kulia, na mume wangu alipolivaa, mikono yake ilivutwa nyuma kama ya mtu aliyefungwa pingu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka pia, kisha nikalifumua. La pili lilibana kifuani. La tatu alilivaa kanisani, na hakuna aliyeligeukia, jambo lililonifurahisha kuliko sifa.

Ndipo akaja mwalimu mmoja aliyehamishiwa wilayani kwetu kutoka mbali. Bega lake moja lilikuwa limeshuka tangu utoto. Alikuwa anaoa, na makoti yote aliyojaribu gulioni yalimning'inia upande mmoja.

"Nimeambiwa kuna mwanamke anayeshona makoti," alisema akiwa mlangoni. "Nilidhani ni utani."

"Si utani. Vua sweta, mwalimu, nikupime."

Nilipima kila bega peke yake, nikakata kila upande peke yake. Hakuna aliyewahi kunifundisha kufanya hivyo. Niliona tu kwamba mwili wake ndio unaosema kweli, na kitambaa hakina budi kuutii.

Siku ya harusi alisimama mbele ya watu akiwa amenyooka. Baada ya ibada, fundi wangu wa zamani, aliyekuja kutoka shambani, alimwendea, akalibonyeza bega kwa kidole gumba, kisha akamwomba afungue koti aone bitana. Bwana harusi alifungua.

"Nani alikufundisha?" mzee aliniuliza.

"Mitumba," nikasema. "Na mgongo wako."

Aliuvuta mkono wa koti. "Mkono wa kulia umekaza kidogo," alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuniomba radhi, nami sikuingoja radhi. Lakini wiki iliyofuata alikuja Makandana na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye kiti changu, akanionyesha namna ya kuulegeza mkono. Safari hii alikaa akinielekea.

Tangu hapo nimeshona makoti mengi, na sasa siwezi kutunga uzi bila miwani. Juzi nilijiandikisha kujifunza mashine ya umeme ya kudarizi, pamoja na wasichana wanaoniita bibi. Siku ya kwanza dada anayetufundisha aliniuliza kama namsubiri mjukuu.

Nikamwambia nasubiri aniwashie mashine.