Nani Atamwanzia Dada

Dada yangu alikuwa na kichwa cha kuogopwa. Kanisani kwetu Ekerenyo, kila robo mwaka ilipoisha, yaani Sabato ya kumi na tatu, kijana mmoja alisimama mbele akasema mafungu yote ya Biblia ya kukariri ya robo hiyo, bila kitabu na bila kusaidiwa. Miaka nenda miaka rudi, kijana huyo alikuwa yeye. Mimi mdogo wake nilikuwa nikifika fungu la tatu naanza kukohoa, naomba maji.

Alipoingia kidato cha pili, mambo yakaanza kwenda mrama, tena polepole, hata hatukujua yalianza lini. Unamtuma mtoni apitie dukani, anarudi na chumvi, maji hana. Anasoma ukurasa, anaurudia, kisha ananiuliza, "Hapa wanasema nini?" Shambani, yeye aliyekuwa akichuma chai upesi kuliko mama, akawa anasimama katikati ya mistari na kikapu mgongoni, anasikiliza. Aliniambia kuna mtu anamwita. Halafu akacheka: "Ama ni upepo tu." Nilimwogopea sana siku hiyo.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema ni majirani, wameona wivu. Mama alisema ni uvivu, na labda kuna mvulana. Baba, mtu wa maneno machache na yote magumu, alisema kichwa kimelala, kiamshwe. Yaye, kikaamshwa kweli! Kabla jogoo hajawika dada alikuwa ameshakalishwa jikoni, mafungu juu ya mafungu, na akikwama anarudishwa mwanzo. Wakamnyima usingizi, kitu pekee kilichokuwa kikimpumzisha. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Akazidi kukwama, shuleni akashika mkia, na baba akakata shauri.

"Sabato ya kumi na tatu atasimama. Akishindwa, shule basi. Abaki kwa chai."

Dada alitaka kuwa mwalimu, hakutaka kitu kingine duniani. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Kisha jioni moja mama alimkuta ameketi mbele ya sufuria ya ugali. Maji yalikuwa yamechemka hadi yamekauka, na unga wa wimbi bado uko mkononi mwake.

"Mama," akasema, "nimesahau kinachofuata."

Msichana wa Kisii amesahau kupika ugali! Mama hakumgombeza. Alimpokonya unga taratibu, akamkumbatia, na kesho yake tukaenda mjini Kisii kwa daktari, sisi watatu.

Daktari alimtajia maneno machache, ng'ombe, mvua, kikapu, na mengine ya hivyo hivyo. Akazungumza naye habari nyingine kidogo, kisha akamwambia ayarudie. Dada alipata mawili, akainama kwa aibu. Daktari akasema, "Kuna kitu cha kubebea chai." Papo hapo dada akajibu, "Kikapu!" Akaanziwa hivyo, akayapata yote.

"Maneno yamo," daktari akamwambia mama. "Anachokosa ni pa kuanzia. Huu bado si wazimu. Unaweza kuja, unaweza usije. Mwacheni alale, msimfokee, mleteni tena nimwone. Na akikwama, mwanzieni."

Tulipomweleza baba, alisikiliza mpaka mwisho, akasema Sabato iko pale pale.

Siku ikafika. Dada alisimama mbele na gauni lake jeupe. Fungu la kwanza akalisema, la pili akalisema, la tatu akaanza, akanyamaza. Alitazama dirishani. Watoto wa safu ya mbele wakaanza kucheka, wakanikera hata nikatamani kuwafinya. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama akainuka kwenye benchi la wanawake. Hakuwa amesoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini miezi ile ya jikoni na yeye alikuwa akisikia. Akaenda akasimama karibu na dada, akasema maneno mawili tu ya fungu lile. Dada akalimalizia. Mzee wa kanisa akakohoa, maana kusaidiwa hakuruhusiwi. Mama akamtazama mpaka akaacha kukohoa. Wakaendelea hivyo, mama anaanza, dada anamaliza, hadi la mwisho.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani. Nilijua sheria, na kwa sheria dada alikuwa ameshindwa. Tulipofika kwenye chai yetu baba akasimama, bila kugeuka.

"Kanisani ameanziwa na mama yake," akasema. "Na shuleni nani atamwanzia?"

Mimi nilikuwa kidato cha kwanza shule ile ile, na mafungu yenyewe, mnajua, sikuwahi kuvuka la tatu.

"Mimi," nikasema.

Baba akamgeukia dada.

"Fua sare," akamwambia. "Kesho kuna jua."