Lenah na Vibunda vya Wodi ya Wanaume

Watu wa Kanyakine wakimtaja Lenah Karwirwa husema, "Yule mama wa rangi, wa hospitalini." Mimi husema, "Mpwa wangu." Nikishasema hivyo hunyamaza kidogo, ili anayenisikiliza apate nafasi ya kunitazama kwa heshima. Akili zile hazikutoka kwa babake. Babake namjua. Zilitoka upande wetu.

Lenah hakusomea udaktari wala uuguzi. Alikuwa akifundisha kazi za mikono katika shule ya ufundi: kusuka viondo, kufinyanga, kuchora. Halafu akaugua kidole tumbo. Akalazwa na kiondo chake nusu, akaendelea kukisuka mpaka walipokuja na machela. Wenzake walikuwa wakitetemeka, mmoja analia, na huyu anauliza kama anaweza kumaliza mstari kwanza. Sista wa wodi hakusahau. Lenah alipopona, sista akamwita: "Njoo uwakalishe wengine vile ulivyokaa wewe."

Basi akapewa meza kwenye baraza la wodi, na tangu hapo anayengoja kisu hakai bure akihesabu mabati. Anapewa karatasi, rangi, udongo, nyuzi. Lenah hamuulizi mtu, "Unaogopa nini?" Huuliza, "Hii mikono, ikiwa nyumbani hufanya nini?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na darasa la sita la siku zile ni kama chuo kikuu cha siku hizi, lakini swali hilo nisingelifikiria. Nisingelifikiria haraka, ndivyo ninavyotaka kusema.

Sasa kuna rafiki yangu Njoka, mkulima wa miraa, vile vijiti vinavyotafunwa vibichi, kutoka Maua. Ni mtu mwenye sauti ya kuita vibarua kutoka ng'ambo ya bonde. Miaka ile simu ya mkononi ilikuwa ya meneja wa benki peke yake, na Njoka hakuihitaji. Alikuwa na ngiri iliyovimba kama parachichi. Daktari Munyi alimwambia wazi kwamba ikinasa utumbo, huenda asifike hospitali akiwa hai. Kuipasua ni kazi ndogo. Shida ni kwamba Njoka akiliona tu lile gauni la kijani la chumba cha upasuaji, presha inapanda mpaka muuguzi anapima tena akidhani mashine imeharibika. Mara mbili alikuwa amerudishwa nyumbani hivyo hivyo, na ngiri yake. Safari hii daktari alisema presha isiposhuka kufikia saa ya thieta, Njoka atarudishwa tena, na hatajua la kumwambia mke wake.

Nikafika asubuhi kumtia moyo. Jina langu ni Kithinji, ambalo kwetu ni mchinjaji, na nafikiri halikusaidia.

"Ondoka hapa na jina lako," Njoka alisema.

"Kuwa mwanaume. Mimi nilipong'olewa jino sikupiga hata kelele moja."

"Ulizimia."

"Sikupiga kelele."

Lenah akaja na kumshika mkono. "Mzee Njoka, karibu mezani kwangu."

"Mwalimu, mimi nina wajukuu. Hizo rangi wapelekee."

Lakini Lenah humvuta mtu bila mtu kujua amevutwa. Njoka akaketi, akachukua rangi ya kijivu, akachora kitu kirefu chenye ncha.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Ni kisu."

Lenah akaiondoa karatasi ile polepole, akamwekea udongo. Jirani yake mezani alikuwa Mbaka, mfugaji kutoka huko chini Mbeere, aliyengoja kupasuliwa baada yake. Mbaka alikuwa amefinyanga mbuzi kundi zima, ametulia kama yuko malishoni.

"Hizi ni mbuzi ama ni viazi?" Njoka akamuuliza.

"Zipande. Zikiota tutajua."

Mimi nilicheka. Njoka hakucheka. Udongo ulibaki kiganjani mwake kama ugali uliomshinda mtu. Lenah akainama mbele yake. "Mzee, hii mikono, ikiwa nyumbani hufanya nini?"

"Inafunga miraa. Kwani ifanye nini kingine?"

Lenah akanigeukia. "Mjomba, kimbia sokoni. Niletee majani ya mgomba na kamba zake."

Watu watawaambia wazo lilikuwa lake. Mimi nasema nilikuwa tayari nimesimama.

Niliporudi na furushi langu la kijani kwapani, askari wa geti akanizuia. Ninyi mnaijua Meru. Ukibeba kitu kimefungwa kwa majani ya mgomba, nani atauliza ni nini?

"Mzee, hapana! Watu wanangoja thieta na tumbo tupu, na wewe unawaletea miraa?"

"Ni majani."

"Najua ni majani. Ndani kuna nini?"

"Majani."

Akafungua jani la kwanza, akakuta jani. Akafungua la pili, akakuta jani. Akanitazama vile mtu humtazama mzee aliyepigwa na jua, akafungua geti. Ndani ya wodi nako vichwa viliinuka kwenye mito, hata kijana mwenye plasta mguu mzima akaketi. Nilipofungua furushi mezani wote wakashusha pumzi kama matairi.

Lenah alikuwa amekata vijiti vyembamba kutoka ua wa nje. Akavimwaga mbele ya Njoka. Njoka akavitazama. Akachukua kimoja, akakitupa. Akachukua kingine. Kisha mikono ikaenda yenyewe: kuchagua, kupima urefu, kusawazisha vichwa, kuviringisha, kuvuta kamba ya mgomba kwa meno.

"Nani alikata hivi? Vichwa havilingani!" Sauti ya Maua ilikuwa imerudi. "Wewe wa mbuzi, sogea ushike hapa. Hapana, hapa! Hiki umekifunga ama umekikumbatia? Kitafika hapo Kianjai tu kimefunguka. Nairobi watauziwa mfagio!"

"Pole pole, baba," Mbaka akasema. "Kwetu tunafunga mbuzi tu, na mbuzi hahitaji kufika akiwa mbichi."

Meza ikalipuka kwa kicheko, na Njoka akacheka kuliko wote, akishikilia ngiri yake. Wengine wakaja na viti. Hata mimi nikafunga kibunda kizuri sana, ambacho Njoka alikifungua bila sababu.

Sista akaja na mashine. Lenah akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, kumwashiria asiseme. Njoka akatoa mkono wa kushoto bila kutazama, wa kulia ukiendelea na kamba, mdomo ukiendelea na Mbaka. Sista akapima. Akapima tena, lakini safari hii akitabasamu.

Machela yakaletwa. Njoka akaliona gauni la kijani. Akashusha macho kwenye kibunda alichokishika.

"Ngojeni nikaze hiki."

Akakikaza, akamkabidhi Mbaka. "Simamia kazi. Mtu asitoroke." Na yeye, mtoro mkuu wa wodi ile, akapanda machela mwenyewe.

Kesho yake nilikuwepo daktari Munyi alipofungua bendeji. Njoka alijiinua kwa viwiko, akautazama mshono kwa muda mrefu, vile anavyotazama mzigo kabla ya kuupakia.

"Daktari, ulifunga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Mm." Akalala tena. "Hii itafika Nairobi."

Lenah alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akajifuta macho akaenda zake, maana mezani palikuwa na mgonjwa mpya kutoka Karurumo, amejikunja kama jongoo. Nikamsikia akimuuliza kuhusu mikono yake.

"Mimi ni mfuga nyuki," yule akajibu.

"Mjomba!" Lenah akaita.

Nikatorokea mlango wa nyuma, kabla sijatumwa nyuki.