Tone la Damu Lisilo Langu

Nilikuwa nikimchomoa mama mmoja dripu, pale kwenye zahanati yetu ya Bel-Air, sindano ikateleza ikapenya glavu na kunichoma kidole. Nilikimbilia bombani nikaosha kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Nyumbani nilikuwa na mke na mtoto anayenyonya.

Mwenzangu wa maabara bado alikuwa na kichupa cha damu ya yule mama, aliyompimia malaria. Akakitikisa mbele yangu.

"Damu iko apa. Tupime SIDA tu. Nani atayua?"

Jibu nililijua: sheria inataka mwenyewe akubali kwanza kupimwa UKIMWI. Tena mimi ndiye niliyewafundisha wanafunzi wa uuguzi jambo hilo, kwa sauti kubwa, kidole juu. Siku hiyo sheria ile ile niliichukia. Niliogopa, sina namna nyingine ya kusema. Mkono ulishaenda kukipokea kile kichupa, nikaurudisha. Wala haukuwa wema. Niliogopa pia kumtazama yule mama usoni nikiwa nimemwibia siri yake.

Nikarudi kitandani kwake. Alikuwa mjane kutoka Naviundu, umri wa mama yangu. Nikamweleza habari ya sindano, nikamwomba ruhusa ya kumpima. Akakiangalia kidole changu.

"Na miye minaogopa, mwana wangu. Weye ulisha kupimwa?"

Nikatikisa kichwa. Miaka yote nimewapima watu na kuwaambia wasiogope, mwenyewe sijawahi. Mganga hajigangi, ndivyo nilivyozoea kuwatania wenzangu wakiniuliza.

"Basi tupimwe bote," akasema. "Pamoja."

Mwenzangu akatutoboa vidole, tukakaa benchi moja kusubiri. Yule mama akaweka kiganja chake juu ya goti langu. Kisha nikaitwa maabara. Majibu yangu yalikuwa safi, ingawa ilinibidi kumeza vidonge vya kinga na kupimwa tena baadaye. Yake tukayarudia kwa kipimo kingine. Yakabaki yale yale: alikuwa na virusi.

Nikarudi, nikampeleka kwenye chumba kidogo, nikafunga mlango. Nikataka kuanza kumweleza majibu yake. Akanitangulia yeye, akanishika mkono.

"Yako iko muzuri, mwana wangu?"