Jiko Lisilo na Moshi

Serikali ilipogharamia majiko ya udongo yasiyokula kuni nyingi, mama naye alijengewa moja kwetu Kinole, lenye bomba la kutoa moshi nje. Bwana wa mradi hakuuliza, nasi kwa adabu zetu za kijinga hatukumwambia, kwamba mbegu zetu za mahindi zilining'inia juu ya moto, na moshi ule ndio uliofukuza dumuzi, wadudu watoboao punje. Dawa ya dukani ilishaondolewa ruzuku, nani angeimudu? Masika yalipofika, mbegu zilikuwa vumbi tupu. Mavuno hatukuyaona. Yule bwana akarudi na daftari lake, akauliza kama matumizi ya kuni yamepungua.

"Yamepungua sana," mama akamjibu. "Hatuna cha kupika."