Bosi Achagua Pa Kuishi

Kinyozi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mtoto huyo hakuwahi kutamka neno. Tangu utotoni walimwita Bosi, kwa ajili ya kitambi alichozaliwa nacho; akakua, ndevu zikamwota, jina likabaki. Kuoga aliogeshwa, kula alilishwa, viatu alivalishwa. Mama yake alipofariki, bibi yake mzaa baba ndiye aliyemshika mkono.

Ikafika wakati mgongo wa bibi ukagoma. Kumwinua kijana mzima kitandani si mchezo. Familia ikakaa sebuleni: bibi, kinyozi, mdogo wake wa kiume, na dada yao mkubwa, ambaye alikuwa dobi. Bosi naye alikuwepo mkekani, akizungusha kifuniko cha sufuria.

"Mimi nimeshamaliza," kinyozi alisema. "Kile chumba cha nyuma ya kibanda changu cha kunyolea nimekipaka rangi, kitanda kipo. Mwanangu atakaa na mimi."

Alisema kwa fahari. Rangi ile aliipaka kwa mikono yake, na madoa bado yalikuwa kwenye kucha.

"Na mwenyewe mmemuuliza?" bibi akauliza.

Mdogo wake kinyozi akacheka. "Mama, tutamuulizaje mtu asiyesema? Hata leo ni siku gani hajui."

"Siku hajui. Chai ya moto anaijua. Hebu mnyweshe, uone shati lako litakuwaje."

"Na nitakayelifua ni mimi," dobi akadakia, wote wakaangua kicheko.

Lakini bibi hakuwa anatania. Aliwakumbusha kwamba Bosi akifurahi huvuma kooni kama nyuki, na akichukia hugeuza uso ukutani. Basi mpelekeni akaone, akae, nanyi mfungue macho.

Akaanza kwa baba yake. Chumba kilikuwa safi, godoro jipya, ila ukutani zilipenya kelele za wateja wakibishana mpira na redio ikipayuka. Bosi akakaa kitandani, uso ukutani. Chakula hakukigusa.

"Atazoea tu," kinyozi akasema, mwiko bado mkononi.

Kisha akapelekwa kwa shangazi yake. Dobi hakuwa na chumba cha kuonyesha. Alikuwa na ua uliojaa kamba na mashuka. Hakujua ampe kazi gani, akamshikisha pembe za shuka ili alikunje. Bosi akavuta. Dobi akavuta. Shuka likatanuka katikati yao, lina joto la jua, na kooni mwa Bosi nyuki wakaanza kuvuma.

Kinyozi alipokuja kumchukua alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ni leo tu," alimwambia dada yake. "Umemkuta na furaha zake."

"Inawezekana, kaka. Mlete tena."

Akamleta tena, na tena, na kila mara akarudi naye kwake kumjaribu upya. Mambo yakawa yale yale. Mwisho akamketisha Bosi kitini, akashika shuka lake la kinyozi mkono mmoja, na mkono wa pili taulo la dobi lenye harufu ya sabuni.

"Baba, kwangu au kwa shangazi?"

Bosi akayatazama kwa muda mrefu. Akavuta taulo, akalilaza shavuni.

Pengine amependa mkono wa kulia, kinyozi akajiambia. Akaliomba taulo kwa upole, akabadilisha mikono. Bosi akafuata taulo lilikokwenda. Safari hii shuka la kinyozi akalisukuma kabisa.

"Haya, baba. Nimekusikia."

Akatoka nje, akaanza kufagia nywele mahali alipokwisha kufagia. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu akajifanya anasoma gazeti.

Bosi akahamia kwa shangazi. Bibi akapata nafuu ya mgongo, na dobi akapata mwenzake wa kukunja mashuka, ingawa alilalamika kwamba baadhi ya mashuka Bosi hataki kuyaachia, na wenyewe wanayadai.

Jumapili kinyozi hufunga kazi na kwenda kumnyoa mwanawe. Zamani alikuwa anamshika kichwa kwa nguvu, wanamaliza wote wawili wametoka jasho. Siku hizi humwonyesha mkasi, akasubiri. Bosi akivuma, kazi inaanza. Akigeuza uso, mkasi unarudi mfukoni, wanakaa tu kwenye kizingiti, mabega yakigusana.

Majirani hawakosi la kusema. "Kinyozi mzima, mwanao ana msitu kichwani!"

"Mteja hajawa tayari," huwajibu, na kumpisha mwanawe kivulini.