Ringi Iliyolia Kama Mtungi

Juzi hapa Garsen nilimwona fundi akigonga ringi ya gurudumu la gari, nikasimama nisikilize mlio.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni. Pikapu ya baba ilikuwa imeingia shimo, ringi ikapinda na kupasuka. Fundi aliinyoosha, akachomelea ule ufa, moshi ukanuka chuma na raba. Kisha akaigonga asikilize mlio.

"Imepona, mzee. Ya nini kununua nyingine?"

Mimi nilisikia mlio mzito, uliokufa papo hapo. Nyanya yangu wa kijiji cha Wema, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi, na mtungi wenye ufa ulilia hivyo hivyo. Mbele yetu kulikuwa na daraja la Idsowe, na mto ulikuwa umefura. Nilidhani wakubwa wote wamesikia, wakaamua tu twende tukafe. Sikujua kwamba nyundo zilikuwa zimeyaua masikio ya fundi, na kwamba baba alisikia alichotaka.

Baba aliposema tairi ivishwe, nilishika leso ya mama nikalia. "Mama, inalia kama mtungi mbovu!"

Mama aliigonga kwa jiwe, akatega sikio kama mama yake.

"Baba Rehema, mimi na mtoto hatupandi."

Baba alinunua nyingine kwa hasira. Ile mbovu akaipa shule yetu iwe kengele, na kila asubuhi ilipolia niliziba masikio. Siku moja mwalimu aliipiga mara moja tu, ikaanguka vipande viwili.

Baba alikuja na pikapu kuviona, akapitisha kidole pale penye ule ufa. Akarudi nyumbani kwa miguu, pikapu akaiacha pale shuleni.